Siku Tumbo Lilipotulia

Kwenye karakana ya vioo alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Rula. Jina hilo alipewa na mwenye karakana, mzee mfupi aliyetembea na miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso, ndiyo maana naye akaitwa Mzee Miwani. Siku ya kwanza kabisa, mzee alimwonyesha fremu ya dirisha iliyoegemezwa ukutani, akamwuliza kwa utani tu, "Haya binti, hiyo ina upana gani?" Msichana akaitazama akasema, "Sentimita arobaini na tatu na nusu." Mzee akacheka, akatoa futi, akapima. Kicheko kikamwishia mdomoni. Toka hapo ni Rula, na hata wateja walipozoea wakawa wanauliza mlangoni, "Rula yupo?"

Alikata vioo miaka sita. Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi: unalaza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi, unapiga mstari mmoja kwa kalamu yenye ncha ya almasi, unagonga kidogo kwa chini, kisha unavunja kwa mikono miwili na kinaachana kama biskuti. Lakini mstari ni mmoja tu, haurudiwi. Ukisita katikati umeharibu. Na Rula hakuwa mtu wa kusita, si kazini wala nyumbani. Mume wake, fundi wa kupaka rangi nyumba ambaye wenzake walimwita Brashi, alipenda kuwaambia watu kwamba hata ombi la uchumba lilijibiwa kabla hajamaliza kulisema.

Alipopata mimba, baada ya miaka minne ya ndoa, ndipo watu walipomwona Rula mwingine.

Si kwamba hakuitaka. Aliitaka mno, na hapo ndipo hofu ilipopata pa kukaa. Miaka mitano nyuma, dada yake, mkubwa wake kwa miaka saba, alibeba mimba yake ya kwanza hadi mwezi wa nane. Alikwenda hospitali na begi, akarudi na begi lile lile, zipu haijafunguliwa. Kabla hajarudi, Rula ndiye aliyetumwa nyumbani kwake kuondoa vitu. Alikunja nguo moja moja: vishati, kofia, soksi zisizozidi kidole gumba, akaviingiza kwenye mfuko na kuupeleka mbali. Hakuna aliyeeleza kilichotokea. Katika familia jambo lile likaitwa "ile safari," na hata hilo walilisema kwa sauti ya chini. Dada hakupata mimba nyingine. Ndoa nayo ikafifia kimya kimya, mpaka siku moja watu wakagundua kwamba haipo.

Kwa hiyo mkunga wa kliniki alipothibitisha kwamba Rula ni mama kijacho, jambo la kwanza alilomwambia mumewe halikuwa la furaha.

"Hakuna kununua kitu," alisema. "Hata pini."

Brashi alikuwa uani, amejivua ovaroli, anajisugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha limau, maana tangu mimba iingie mkewe alikuwa hawezi kuvumilia harufu ya rangi, na bila kuoga mara tatu mlango haukufunguliwa.

"Hata pini? Sasa mtoto akija tumvike magazeti?"

"Akija utakimbia dukani. Miguu unayo."

Brashi akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na alidhani hofu ya mkewe ingechekwa mpaka iondoke. Jioni alichukua kijitabu cha kliniki akakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mama mjamzito anashauriwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha, na kuepuka hasira." Rula alijibu bila kuinua macho, "Basi kaa kimya niepuke." Wote wawili walicheka. Lakini Brashi akishasinzia, Rula alibaki ameweka kiganja tumboni, anasikiliza kwa mkono.

Mkunga alimwambia kwamba kuanzia mwezi wa saba mtoto achezecheze vya kutosha, na akiwa na wasiwasi akae kwa utulivu ahesabu. Mara kumi ndani ya saa mbili ni sawa. Pengine mkunga alilisema hilo kwa akina mama wote kwa kupita tu. Rula alilishika kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Pembeni mwa meza yake ya kazi alianza kuchora vistari kwa chaki, mstari mmoja kwa kila teke. Vikifika kumi anafuta, anavuta pumzi, anaendelea na kazi. Baada ya muda, anaanza upya. Mzee Miwani aliviona akadhani ni idadi ya madirisha.

Dada alikuja mwezi huo huo wa saba. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, shule zilikuwa zimefungwa, na aliposimama mlangoni na mfuko wake alisema neno moja tu: "Nimekuja." Kuanzia siku hiyo Rula hakushika ndoo wala hakuinama kufagia. Dada aliosha, alipika, alifua, na kila mchana alimletea mdogo wake chakula karakanani, maana hakuamini mtu mwingine angemlisha vizuri. Alimtania Brashi kwamba anaoga kama bibi harusi, na Brashi akamjibu, "Shemeji, mimi siku hizi ni msafi kuliko sahani zako."

Ila kitu kimoja Rula alikiona. Dada hakuligusa tumbo. Jirani walilipapasa, wateja walilisalimia, lakini dada, hata walipokaa bega kwa bega wakichambua mchele na mtoto akapiga teke mpaka gauni likatikisika, aligeuza uso akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu ameita. Mara ngapi Rula alitaka kumwuliza: Dada, kwako ilianzaje? Kila mara aliliacha. Kuuliza kungemuumiza dada. Na zaidi ya hapo, aliogopa kwamba jibu lingefanana na kitu anachokisikia mwilini mwake.

Wiki ya thelathini na tatu ilikuwa na beseni. Rula alikuwa anatafuta kamba nyuma ya madebe ya rangi ya mumewe akaliona: beseni dogo la njano, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Brashi aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, beseni liko mbele yake.

"Nilikwambia nini?"

"Ni beseni tu, mke wangu. Nililiona, nikashindwa kuliacha. Na hata kama..." Akakwama hapo. Hilo "hata kama" likaanguka katikati ya chumba, na hakuna aliyejua pa kuliweka.

Dada alitoka jikoni. Alilichukua beseni, akabandua karatasi, akamimina mchicha ndani yake, akatia maji na kuanza kuuosha kwa nguvu kana kwamba umemkosea. "Sasa ni la mboga," alisema. "Yameisha. Inukeni tule."

Siku zile Rula alianza kuvimba. Miguu kwanza, kisha vidole, kisha uso asubuhi. Alivaa kandambili za mumewe. Mzee Miwani akamhamishia kwenye fremu ndogo za picha, kazi ya kukaa. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa mbele, juu ya nyusi, na mara nyingine aliona vimulimuli, vidoa vya mwanga vikicheza pembeni mwa macho. Hakushtuka. Mtu anayeshinda kati ya vioo na jua la dirishani huzoea kumetameta, na kichwa nani hakimuumi. Tarehe yake ya kliniki ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alijiambia atasema siku hiyo.

Kilichotokea kilitokea Jumanne.

Kwa kawaida mtoto aliamka na chai. Rula akimaliza nusu kikombe, teke. Jumanne alimaliza kikombe kizima, akakaa, akangoja. Kimya. Akala kipande cha mkate. Kimya. Alijisemea amelala huyu, mvivu kama baba yake. Brashi alikuwa ameshaondoka alfajiri kwenda kupaka jengo la ghorofa tano upande wa pili wa mji. Dada alikuwa anafua uani. Rula alimpita akasema "Nakwenda," kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti hiyo ya kawaida ilimgharimu nguvu kuliko ngazi za karakana.

Kazini alichukua chaki, akaiweka pembeni mwa meza tayari. Alikata kioo cha kwanza, akakata cha pili. Chaki haikusogea. Alikunywa maji baridi, yale ya friji, maana alikuwa amesikia kwamba humshtua mtoto. Akaingia stoo, akalala kwa ubavu wa kushoto juu ya maboksi matupu, akafumba macho, akasubiri. Alisikia mapigo ya moyo wake mwenyewe masikioni, mazito, yakigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kwingine kote kimya. Alilibonyeza tumbo kwa vidole. "Basi nijibu," alinong'ona. "Moja tu. Halafu ulale unavyotaka." Kitu kilisogea, au alidhani kimesogea, kwa namna vitu vinavyosogea majini, si kwa nguvu zake.

Akarudi mezani. Akili ilimwambia nenda hospitali. Lakini kulikuwa na akili nyingine chini yake, ya kitoto, iliyosema: ukienda, watakwambia. Usipoenda, bado hawajakwambia. Akashika kalamu.

Kioo kilikuwa cha picha ya harusi ya watu. Alipiga mstari, na katikati ya mstari vimulimuli vikaja, vingi, kama mtu amerusha mchanga unaong'aa. Akasita. Kioo kililia kwa sauti mbaya, ufa ukakimbia ukaenda kokote ulikotaka, na kipande kikadondoka sakafuni.

Mzee Miwani alitoka ofisini mbio. Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kusikia sauti hiyo kutoka meza ile. Alitazama kioo, akatazama chaki mpya na ukingo wa meza usio na mstari hata mmoja. Akashusha miwani ya juu ikakaa juu ya ile nyingine, akamtazama usoni.

"Binti yangu. Hivi vistari vyako si vya madirisha, eh?"

Rula aliichukua chaki, akairudisha pale pale.

Dada aliingia wakati huo huo na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa. Alisimama mlangoni. Hakuuliza habari za vipande sakafuni. Alimtazama mdogo wake kuanzia kandambili hadi uso uliovimba.

"Tangu saa ngapi?" dada aliuliza.

"Amelala tu, dada. Jana alicheza sana, nadhani amechoka..."

"Nimekuuliza, tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Labda tangu jana jioni. Sijui."

Bakuli liliwekwa juu ya meza ya vioo. Dada alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ya mtu aliyezoea sufuria za watoto mia tatu. "Mzee, gari lako lina mafuta?"

Gari la Mzee Miwani lilikuwa pikapu yenye fremu za mbao ubavuni za kubebea vioo. Kwa miaka arobaini mzee alikuwa hajabeba kitu kisichovunjika, na aliendesha hivyo: taratibu, akikwepa kila kokoto, akisimama kabisa kabla ya kila tuta. Sasa alibana usukani, jasho linamtoka, na bado mguu haukukubali kukanyaga.

"Kimbiza, mzee!" dada alisema.

"Nakimbiza!"

"Mbona baiskeli inatupita?"

Kweli, baiskeli iliwapita. Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Rula alikuwa katikati yao, mikono yote miwili tumboni, na hapo, huku gari likijikokota, dada akaanza kusema akitazama mbele.

"Mimi nilisubiri. Nilimsikia kanyamaza siku ya Ijumaa. Nikasema amelala. Jumamosi nikasema amechoka. Nilikuwa naogopa wataniambia, kwa hiyo nikapika, nikafua, nikapiga pasi nguo zake zote. Jumapili ndiyo nikaenda." Alimeza mate. "Daktari alisema labda hata ningewahi isingebadilisha kitu. Labda. Nimeishi na hilo labda miaka mitano. Wewe hutasubiri hata dakika. Mzee, tafadhali, nakuomba kama baba yangu, kanyaga."

Mzee Miwani alikanyaga. Pikapu iliruka tuta, fremu za mbao zikapiga kelele ubavuni mpaka geti la hospitali.

Mkunga aliyewapokea alikuwa mwanamke mrefu, wa sauti ya chini. Alimlaza Rula, akampaka jeli ya baridi, akaweka juu ya tumbo kifaa kidogo chenye spika. Kikakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Akakihamisha kulia, kushoto, chini ya kitovu. Ghafla pigo likasikika, du, du, du.

"Huyo!" Rula alilia. "Huyo hapo!"

Mkunga alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Rula, anatazama saa. "Huo ni wako, mama," alisema kwa upole. "Subiri."

Toka siku hiyo hadi leo, Rula hajapata kuogopa tena kama alivyoogopa kati ya neno hilo na lililofuata. Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la sikio. Dada alisimama miguuni pa kitanda, ameuma kitambaa alichokuwa amefungia bakuli. Kifaa kilikoroma, kikakoroma. Mkunga aliinama, akabonyeza kwa ndani zaidi, karibu na nyonga, akatulia. Na kutoka mbali, chini ya mapigo ya mama, yakaja mengine: mepesi, ya kupotea na kurudi, kama mtu anayetembea na kusimama, anatembea na kusimama.

"Yupo," mkunga alisema. "Yupo, lakini amechoka."

Kisha mambo yakaenda mbio. Mashine ya presha ilibana mkono, ikasoma mia moja sabini na nane kwa mia moja kumi na sita. Mkunga aliifunga tena kwenye mkono wa pili. Mkojo ukapimwa. Daktari akaja, mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Unaona vimulimuli?"

"Nilidhani ni vioo," Rula alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaanza kulia.

Daktari alivuta kiti akakaa, na kukaa kwake kulimtisha Rula kuliko mashine zote. Alimweleza bila kuzunguka: presha imepanda mahali pa hatari, wakingoja anaweza kupata kifafa cha mimba, na mtoto hapati anachohitaji humo ndani. Wiki thelathini na nne ni mapema, lakini ndani pamekuwa pabaya kuliko nje. Watamtoa leo, kwa upasuaji, baada ya kuteremsha presha.

"Atakuwa hai?"

"Sasa hivi yuko hai. Na wewe pia. Tunataka mbaki hivyo."

Alichomwa sindano mbili zenye moto kama pilipili, na joto likampanda mpaka masikioni. Walimletea fomu. Simu ya Brashi iliita na kuita. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao ghorofa ya nne na simu imebaki kwenye suruali yake chini. Rula alisaini peke yake. Mkono uliozoea mstari mmoja uliandika jina lake likapinda kama la mtoto wa chekechea.

Brashi alifika wanapomsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Mzee Miwani alikuwa amemfuata mwenyewe, na mara hii, Brashi alikuja kusimulia baadaye, mzee aliendesha kama mwizi. Nusu ya uso wa Brashi ilikuwa nyeupe kwa rangi. Alikimbia kando ya kitanda, mikono ameiinua juu asije akachafua shuka, na kwa mara ya kwanza tangu Rula amjue hakuwa na la kuchekesha.

"Nitashika wapi?" alikuwa anauliza. "Niambie nishike wapi."

"Shika popote," Rula alisema. Brashi akamshika kichwani, na alama ya vidole vyeupe ikabaki kwenye nywele zake.

Walimkalisha wakamchoma mgongoni, nusu ya mwili ikafa ganzi. Wakaweka pazia la kijani kifuani. Alisikia kuvutwavutwa, kama mtu anayetafuta kitu chini ya begi. Kisha mtu akasema, "Ametoka." Rula akasubiri kilio. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba watoto hulia. Akaanza kuhesabu, kwa kuwa hakujua kufanya kingine. Kumi. Ishirini. Nyuma ya pazia watu walizungumza kwa maneno mafupi. Thelathini. Alitaka kuuliza, ulimi ulikuwa mzito kwa dawa. Arobaini na moja, na sauti ikaja, nyembamba, yenye kukwaruza, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Ikanyamaza. Ikaja tena kwa hasira.

"Binti," alisema mkunga, na kumpitisha karibu na uso wake kwa sekunde mbili: uso uliokunjamana, mwekundu, wa kizee. "Kilo moja na gramu mia saba. Tunampeleka kwenye joto."

Watu hudhani hofu iliishia hapo. Haikuishia. Presha ya Rula ilikataa kushuka kwa siku tatu, na alilala akipimwa kila saa, maana daktari alisema hatari haiondoki siku ile ile mtoto anapotoka. Alimwona binti yake siku ya nne, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ndani ya chumba chenye joto kama tanuri la mikate. Mtoto alikuwa ndani ya kisanduku cha plastiki, mrija puani, kifua kinapanda na kushuka kwa kasi ya kutisha. Rula, aliyebeba vioo vyenye urefu kumzidi, aliogopa kumgusa.

"Usiogope mama, havunjiki," muuguzi alisema.

"Kila kitu huvunjika," Rula alijibu.

Lakini muuguzi hakumngoja aamue. Alimfungua gauni, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote kwa blanketi, akasema akae hivyo saa nyingi awezavyo kila siku, kwa kuwa kifua cha mtu hupasha joto kuliko mashine. Rula alikaa. Hakuthubutu kuvuta pumzi ndefu. Mtoto akisahau kupumua, kama hao wadogo wanavyosahau, taa nyekundu ya mashine iliwaka, na muuguzi aligusa kisigino chake akakumbuka. Ilitokea mara tatu mchana ule. Kila mara, kitu fulani ndani ya Rula kilizeeka.

Dada alikuja kila siku na uji na nguo safi. Hakuingia chumba cha joto. Alikaa kwenye benchi la korido, mfuko magotini, akimwuliza Brashi kila akitoka, "Anaendeleaje?" Brashi alikuwa ananawa mikono mpaka imechubuka, anaingia na kukaa na mtoto kifuani saa za asubuhi kabla ya kazi. "Shemeji, njoo umwone," alimwambia mara kadhaa. Dada alijibu kwamba kuna vijidudu, kwamba ana mafua, kwamba kesho.

Siku ya tisa presha ya Rula ilipanda tena, na daktari akaamuru alale wodini. Brashi alikuwa kazini. Mtoto alikuwa ameshatolewa kwenye kisanduku, anategemea vifua vya watu. Muuguzi alichungulia koridoni. "Nani mwingine wa huyu mtoto?"

Hapakuwa na mwingine. Kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi, Rula alimwona dada amesimama, amebana mfuko.

"Mimi siwezi," dada alisema.

"Dada."

"Siwezi, mdogo wangu. Usinilaumu. Niombe kingine."

"Na mimi siwezi," Rula alisema. "Toka siku ya kwanza siwezi. Nafanya tu."

Dada akaweka mfuko juu ya benchi, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwiko. Akafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. Mtoto alipolazwa kifuani kwake aliguna, akatafuta pa kuweka shavu, akapata, akalala. Walimleta dada na kiti karibu na kitanda cha Rula. Hakulia. Alikaa wima kama anayepigwa picha, macho yamemtoka, pumzi ameibana.

Baada ya muda alisema, "Wangu alikuwa na nywele nyingi kuliko huyu."

Rula hakuthubutu hata kugeuka.

"Alikuwa mvulana. Walinipa nimshike. Alikuwa bado wa moto. Hakuna mtu aliyeniuliza, miaka yote hii, hakuna aliyeniuliza alikuwa nani." Akashusha kidevu kikagusa kichwa cha mtoto. "Nilimpa jina."

"Niambie," Rula alisema.

Akamwambia.

Waliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya ishirini na tatu, mtoto akiwa amefikisha kilo mbili na kidogo. Brashi alikimbia madukani kama alivyoagizwa, akarudi na nguo za mtoto wa mwaka mmoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia vipimo na yeye aliona haya kuuliza. Dada alikaa mpaka shule zilipofunguliwa, akarudi kwenye sufuria zake, na kila siku saa nne asubuhi, chai ya wanafunzi ikishatoka, alipiga simu kuuliza mambo mawili: mtoto, na presha. Rula alirudi karakanani mtoto alipofikisha miezi saba. Siku za mwanzo mstari ulimpinda, na Mzee Miwani alimpa vioo vilivyokwisha haribika afanyie mazoezi, bila kusema ni vya mazoezi.

Mtoto anatambaa sasa. Anapenda kupiga kelele, na jirani wanalalamika. Lakini mchana akilala na nyumba ikatulia, Rula huacha anachofanya, huenda akainama kitandani, akaweka mgongo wa kiganja mbele ya pua ndogo mpaka ahisi pumzi. Brashi humcheka. "Mwache mtoto wa watu alale, wewe askari." Kisha Rula akiwa uani anaanika nguo, humwona kupitia dirishani, mumewe huyo huyo, anatazama mlangoni kwanza kama kuna mtu, anainama, na kuweka sikio lake karibu kabisa na kifua cha mtoto, na kukaa hivyo.